Nzohe wa Wageni

Panda, Likasi

Yaya Berthe mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Goti lako linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo umenichafuka, na hapa nyumbani kila mtu anaucheka mpango wangu. Kwa hiyo leo utanivumilia wewe huko Kalemie, maana kwa barua huwezi kunikatiza.

Unaujua ule mpango wa kuwapeleka watu ziwani kutazama wanyama. Hasa nzohe, yule paa wa majini anayejificha kwenye mafunjo mpaka pua tu ibaki juu ya maji. Upande ule wa ziwa walikuwa wamebaki watatu: dume, jike na mtoto wao. Nilitangaza redioni. Pasta akaniruhusu kutangaza kanisani baada ya sadaka. Unajua waliniuliza nini? Mama mmoja wa kwaya alitaka kujua kama nyama yake inafaa kukaushwa. Dereva mmoja wa taksi-basi akauliza mtu mwenye akili timamu anasafirije kwenda kumtazama mnyama, halafu arudi bila hata mguu mmoja wa kuchemsha. Yaya, watu wa mji huu jiwe la shaba wanalijua kwa kulishika tu, lakini wakimwona mnyama hai wanawaza sufuria! Nimechoka nao.

Mwishowe akapatikana mtu mmoja wa maana, Monsieur Kalombo, mwenye hoteli kule Lubumbashi. Aliniahidi kwamba akimwona nzohe mmoja tu kwa macho yake, ataniletea wageni kiangazi chote. Basi nikaenda mbio kwa Mzee Zéphirin, mkuu wa kijiji cha wavuvi, nikamwomba wawindaji waachane na nzohe wale, wachungwe kwa ajili ya wageni wangu. Alikubali palepale. Akakataza mitego, akaamuru mbwa wafungwe, na vijana wake wakayalinda mafunjo kwa zamu. Nilimsifu kila mahali.

Kumbe mimi mtoto wa mjini nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtu kijijini analijua. Kinachotunzwa kwa ajili ya mgeni, awe jogoo au mbuzi, kinatunzwa mpaka siku mgeni anapofika. Siku hiyo kinachinjwa.

Tulipofika, Monsieur Kalombo akabaki anasalimiana na wazee, mimi nikazunguka jikoni. Ngozi ya dume ilikuwa imetandazwa juu ya ua, bado mbichi, na akina mama wanakoroga chungu huku wakiimba. Nilimfokea Mzee Zéphirin mbele ya wake zake, nikimuuliza amefanya nini. Hakuielewa hasira yangu hata kidogo. Akasema, “Mama, ulituambia tubachungie bageni ile nzohe. Tulichunga. Sasa bageni beko hapa, tubapatie majani?” Aliumia, Yaya. Alikuwa amenipa kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nilichukua sahani, nikampelekea Monsieur Kalombo kwa mikono yangu mwenyewe, pamoja na bukari ya unga wa mahindi, nikamwambia ni mbuzi. Na mimi nikala. Ilikuwa tamu, nikaongeza. Kisha nikampandisha mtumbwini, tukakodolea mafunjo mpaka macho yakatuuma, na hatukuona hata mkia. Nilidhani ataniacha hapo hapo. Badala yake akasema wanyama wa porini ndivyo walivyo, hawana ahadi na mtu, ila mbuzi wa namna ile hajawahi kumla maishani mwake. Mwisho wa mwezi analeta wageni gari zima. Sharti lake ni moja tu, wapikiwe nyama ileile. Nikajibu ndiyo, patron.

Jana Mzee Zéphirin alinitumia ujumbe. Ameshanisamehe. Kwa heshima zote anauliza kama wageni watapenda jike, au yule mtoto, kwa sababu nyama yake ni laini.

Nimelia mpaka macho yakavimba. Kesho asubuhi napanda basi kwenda Lubumbashi kumwambia Monsieur Kalombo alikula nini. Atanifukuza, hilo nalijua, na kiangazi changu kitaishia mlangoni kwake. Kisha nitakwenda ziwani kumwambia Mzee kwamba hakuna mgeni anayekuja, ili wale wawili wapone.

Niombee, Yaya. Wabusu watoto, na uupumzishe huo mguu. Na shemeji akikuuliza nzohe ana ladha gani, tafadhali usimwambie.

Mdogo wako akupendaye,
Arlette