Nilimwambia Nini Shabani

Jumatatu, 3 Machi
Programu ya tatu leo. Ya kwanza ilikataa kufungua faili ya video. Ya pili ilitoa picha ya kijani, maharusi kama wamepakwa majani ya sombe. Hii ya tatu, picha safi. Sauti hakuna.
Ni harusi ya dada yangu Asha, wakati wa vita. Kamera alishika mume wangu Shabani, ndiyo maana haonekani hata mara moja. Mwishoni ananielekezea mimi. Nasema kitu, nacheka. Halafu giza. Siku nne baadaye alichukua baiskeli kwenda kutafuta mchele upande wa Obokote. Hakurudi.
Nilimwambia nini? Sikumbuki. Najichukia kwa hilo.

Jumanne, 4 Machi
Asha amepiga simu toka Kisangani. Anataka video kwenye simu yake. Programu ya tatu inapunguza ukubwa wa faili pia, nikaiachia kazi. Ikauliza kama ifute faili ya zamani. Nikakubali bila kusoma vizuri. Haraka zangu.
Wali wa mtu mmoja, na bado umebaki.

Jumatano, 5 Machi
Nimevuka mto mpaka Kasuku, kwa Papa Idi, fundi wa kompyuta. Akapima faili mpya.
“Mama, humu sauti hamuna hata kidogo. Programu yako haikuijua, ikaitupa. Kwa faili ya zamani iko. Kodeki tu, ile ya kusoma sauti, njo ilikosa. Ya zamani iko wapi?”
Akanipa programu yake kwenye flashi, nikaondoka. Nimerudi nyumbani kwa miguu toka kivukoni, bila kusalimia mtu. Mjinga mimi. Miaka yote hii nimeitunza, kisha nimeifuta kwa kidole kimoja.

Alhamisi, 6 Machi
Mawingu asubuhi yote, sola haina nguvu. Nimekaa mbele ya kioo cheusi.
Saa nane jua likatoka. Kapu la takataka la kompyuta lilikuwa halijamwagwa. Faili imo! Nimelia kwa sauti, hakuna wa kuniuliza kuna nini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeweka programu aliyonipa Papa Idi, yenye kodeki za zamani. Nzito, mashine inahema. Lakini ngoma zikasikika, vigelegele, na Shabani akipanga watu: “Mukaribiane, mukaribiane.” Sauti yake nyembamba kuliko nilivyoiweka kichwani.
Mwisho ukafika.
“Zaina, sema kintu.”
“Zima ile, unamaliza betri.”
Tunacheka wote wawili. Akazima. Mtu aliyenibishia kila jambo, siku hiyo akanitii.

Jumapili, 9 Machi
Nimefuta zile programu tatu. Nimebaki na hii nzito.
Asha nimemtumia ile isiyo na sauti. Ameuliza nilikuwa nasema nini pale mwishoni. Nimemwambia sauti ilishindikana.
Mvua imenyesha mchana. Nimefua mashuka.