Senene Wameanguka Nami Niko Chuoni

Bukoba, Jumapili jioni. Mvua imekatika, ziwa limefunikwa na ukungu, na bweni lina baridi.

Niko peke yangu. Wasichana wawili ninaolala nao chumbani wamefuatwa na baba zao kwa gari, wamekwenda kula nyumbani. Waliniaga kwa Kiingereza, nami nikajifanya nasoma.

Hii ndiyo kozi ya likizo ambayo Tata, baba yangu, aliuza ng'ombe ili nije. Na si maziwa tu tuliyopoteza. Samadi ya ng'ombe yule ndiyo iliyolisha migomba yetu kule Izigo. Sasa kibanja hicho cha migomba kitakula nini? Tata aliambiwa kwamba mwanafunzi akipita hapa chuoni kabla ya kidato cha nne, njia ya kidato cha tano imenyooka. Akaamini. Ukimtajia Tata neno chuo, huvua kofia.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia: hatufundishwi lolote jipya. Mkufunzi anatusomea kitabu kile kile tulichokimaliza shuleni. Asubuhi tunahubiriwa ujamaa na kujitegemea, mchana tunapiga miayo. Juzi nilimwuliza kama cheti cha hapa hutazamwa wakati wa kuchaguliwa. Akacheka. Akasema kinachotazamwa ni mtihani, ila cheti kinapendeza ukutani.

Jana nilifunga sanduku. Nilipanga kupanda basi kesho, nikamwambie Tata kwamba amedanganywa.

Tena, senene, wale panzi wa kuliwa, wameanguka wiki hii. Tangu Mama afariki, mimi ndiye ninayemwokotea Tata alfajiri, majani yakiwa bado na umande, naye hunipa kitambaa cha gauni. Kwetu ndivyo ilivyo: wanawake huokota, wanaume hula. Mwanamke akila, wazee husema, atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Nimewakaanga miaka yote bila kuonja hata mmoja. Wiki nzima nimekuwa nikiwaza nani atamwokotea mwaka huu.

Mchana akaja Mama Adela, jirani yetu, aliyeleta ndizi mjini. Akanipa kifurushi cha jani la mgomba. Ndani, senene wa kukaanga, wengine wameungua.

"Baba yako kaokota mwenyewe, waitu mwanangu," alisema. "Wanaume wamemcheka mpaka kanisani. Kasema ule. Eti msomi hana mwiko."

Akaondoka kuwahi basi. Nilisimama getini mpaka nikalowa.

Tata, na mgongo wake ule, ameinama majanini pamoja na wanawake.

Nitamwambiaje sasa kwamba amenunua pambo la ukutani? Nikirudi kesho watamcheka mara ya pili, na safari hii watakuwa na sababu. Nimefungua sanduku, nimetundika gauni langu. Kama kinachotazamwa ni mtihani, basi nitausomea hapa hapa, nyuma ya darasa, mkufunzi akiendelea na kitabu chake. Ng'ombe harudi.

Kisha nimekula. Mmoja kwanza, nikangoja, sijui nilikuwa nangoja nini. Halafu wote, hata walioungua.

Ni watamu, Tata. Nimegeuka nimwambie mtu, nikakuta vitanda viwili vitupu.