Gurudumu la Mzee Mikate

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na mgongo unaendeleaje? Mimi mzima kabisa, ila mikono imerudi kuwa na grisi kama zamani. Nimepata kazi, Baba, na si ya kulinda geti!

Maana tangu nivue magwanda, kila ofisi niliyoingia walinisikiliza vizuri mpaka niliposema "jeshini". Hapo hapo: "Tunatafuta mlinzi, unaweza kuanza leo?" Nikiwaeleza kuwa kwa miaka tisa nimetengeneza malori, wananitazama juu mpaka chini, wanacheka. Cheti changu chenyewe kimejaa vifupisho ambavyo hata mimi nilikuwa navikariri tu. Meneja mmoja aliniuliza kama ni cheti cha unesi.

Mwenye gereji hii hakuuliza cheti. Alinipa giaboksi ya lori niifungue na kuifunga, akavuta kiti, akakaa kunitazama. Nilipomaliza akasema, "Kesho asubuhi uje na ovaroli." Basi.

Wenzangu wananicheka. Bosi akiingia nasimama wima bila kutaka, na juzi nilimwita mteja "afande", mama wa watu na kikapu chake. Lakini kazi si ngeni. Hata utaratibu ni ule ule: nikimaliza gari nasema "Tayari!", nasogea pembeni, na bosi analizunguka na spana yake kabla halijatoka. Kule kambini tulikuwa tukisema mafundi wa uraiani wanafanya ovyo ovyo. Kumbe tuliwasingizia.

Binti yako

22 Februari

Koplo wangu,

Marahaba. Mgongo upo, ni kama mpangaji asiyetaka kuhama. Barua yako nimeisoma kwa sauti pale dukani, watu wote wakasikia. Usinikasirikie, kidogo nimetia chumvi: nimesema wewe ndiye mkuu wa mafundi. Wale waliokuwa wakiniuliza, "Binti yako huko jeshini anapika au anafua?" leo wameishiwa maneno.

Mzee Mikate naye amesikia. Unamkumbuka jirani yetu wa tanuri, aliyekuwa akikupeleka shule kwenye pikapu yake, umekaa katikati ya trei za mikate. Bado anakuja huko mjini kuchukua unga, na breki za mbele zinampigia kelele. Alitaka kwenda kwa fundi wake wa siku zote, nikamkatalia. Nikamwambia, "Una mtoto wako kule, ametengeneza malori ya vita, halafu gari lako unampa mtu baki?" Basi atakuja kwako wiki ijayo. Mtengenezee kama ungenitengenezea mimi.

Baba yako

12 Machi

Binti yangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Hapa si wazima sana.

Mzee Mikate amepata ajali akirudi kutoka kwako. Pale kwenye mteremko, kabla ya daraja, gurudumu la mbele lilichomoka likaenda zake, pikapu ikavamia ukuta. Yuko hospitali, nyonga imevunjika. Unga ulitapakaa barabara nzima, watu wakadhani gari linawaka moto. Anaongea, na anakula kidogo kidogo.

Watu wananiuliza. Wanajua nani alishika gari lile, maana mimi mwenyewe niliwatangazia. Niandikie unieleze. Usipige simu, siipendi kwa mambo kama haya, mtu anakusikia mpaka unavyomeza mate.

Baba

16 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui habari niulizeje. Mpe Mzee Mikate pole nyingi, na mkewe pia.

Pikapu imevutwa mpaka hapa gereji. Bosi ameitazama akiwa amesimama, simu sikioni, akasema, "Mzigo ulizidi, boliti zikakatika," akaendelea na shughuli zake. Mimi naipita kwa mbali nikija kazini na nikitoka. Sijaweza kuisogelea.

Binti yako

4 Aprili

Koplo wangu,

Marahaba, na sasa vuta pumzi. Mambo yamekwisha.

Maneno ya bosi wako niliyachukua yalivyo, nikayapeleka dukani, msikitini, kanisani na kwa kinyozi. Mzigo ulizidi! Kwanza walinung'unika, kisha mmoja akakumbuka kuwa mzee kweli alikuwa na magunia mengi siku ile. Mtaa umetulia, na mimi napita nimeinua uso.

Na yeye mwenyewe amekubali. Nilimtembelea wodini, akanishika mkono akasema, "Jirani, mwambie binti asijilaumu. Gari alilifunga vizuri. Mimi ndiye nimezeeka, likanililia njia nzima nisilisikie." Akaniomba radhi kwa kutuchafulia jina. Nikamwambia yameisha, tusahau.

Basi nawe fanya kazi yako kwa amani.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekaa sakafuni, na sakafuni ndipo ninapokuandikia.

Mzigo haukuzidi. Nilijikaza nikaenda kuitazama ile pikapu. Boliti za gurudumu zipo zote, hakuna hata moja iliyokatika, ila meno yake yamesagika. Nati ndizo hazipo. Zilifunguka njiani kwa sababu hazikukazwa, na aliyezifunga ni mimi.

Jeshini gurudumu hufungwa na watu wawili. Wa kwanza anazungusha nati mpaka zishike, anasema "Tayari", anaondoa mikono, na haruhusiwi kuligusa tena. Wa pili ndiye anayekaza mpaka mwisho, kisha anatia kila nati alama ya rangi. Miaka yote tisa mimi nilikuwa wa kwanza. Hapa gereji nilipomwona bosi akizunguka kila gari langu na spana, nilijua ndiye wa pili wangu. Kumbe alikuwa ananichunguza tu kwa kuwa ni mgeni, na kila nati aliyoikuta imelegea aliikaza kimya kimya, akidhani nimepitiwa.

Siku alipokuja Mzee Mikate, bosi alimpiga begani akamwambia, "Huyu simkagui tena, ameshaiva." Nilisikia, Baba. Nilisikia na kichwa kikavimba. Nikafunga breki, nikarudisha magurudumu, nikasema "Tayari" na kusogea pembeni kama kawaida yangu. Haikunijia kabisa kwamba hakuna mtu anayekuja kukaza. Mzee akanipa mkate aliokuja nao, akawasha gari, nikampungia mkono mpaka akakata kona.

Bosi nimemweleza. Amesema nifunge mdomo, nisimuue kwa njaa yeye na watoto wake. Nimeacha kazi. Sasa nalinda geti la ghala la mbao, wamenipa filimbi na koti kubwa. Usidhani hiyo ndiyo aibu yangu. Aibu yangu ni kwamba mtu niliyemvunja nyonga ametuomba radhi sisi, nawe ukaipokea. Hukujua, silaumu. Lakini sasa unajua. Nakuomba umwambie.

Binti yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Naomba Mungu uwe mzima, maana kimya chako ni kirefu na najua barua ilifika.

Kama umenikasirikia, una haki. Jumamosi nina mapumziko. Nakuja kumwambia mwenyewe, mbele ya mkewe na yeyote nitakayemkuta pale. Ukiona haya mimi kupita nyumbani, nitaelewa, sitapita.

Binti yako

5 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Barua ilifika. Nilianza kukujibu nikachana, nikaanza tena nikachana. Nilitaka kukuambia uyaache yalale. Nilikuwa nimeshapanga na maneno: mfupa unaunga, mzee ameridhika, ukweli utamsaidia nini sasa? Na kila nikienda kumjulia hali nilikunywa chai yake, na alipojilaumu niliitikia kwa kichwa. Wiki tatu nzima nimefanya hivyo, mimi baba yako.

Uliposema unakuja, nikaenda mbio nimwambie kabla yako. Si kwa wema. Nilitaka isionekane kuwa nilijua siku nyingi. Unaona nilivyo, hata nikienda kusema kweli natafuta pa kujificha.

Nilimkuta kwenye kiti mlangoni pa tanuri, mguu juu ya debe. Ili nipate pa kuanzia nikamwuliza pikapu itatengenezwa lini. Akasema ameshaiuza. Nikamwuliza kwa nini. "Mtu asiyesikia gari lake likilegea hafai kushika usukani," akasema. Mkewe akaniita pembeni. Akaniambia mzee sasa anatembea kwa magongo, lakini kwa woga hata barabara havuki bila kushikwa mkono, na gari likipita anamwuliza, "Wewe umelisikia hilo? Mbona mimi sikulisikia vizuri?" Na masikio yake ni mazima kuliko yangu! Tumemfanya mtu ajione kipofu na kiziwi, tena akiwa na akili zake timamu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikarudi mbele yake nikasema yote: nati, mtu wa pili, barua yako, na chai niliyokuwa nakunywa nikijua.

Aliushusha mguu kutoka kwenye debe. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sikuzidisha mzigo?"

Nikasema, "Hukuzidisha."

"Na gari je? Lililia nisilisikie?"

Nikasema, "Hakuna dereva ambaye angelisikia."

Akaanza kulia, mzee mzima, wateja wamesimama na mikate mkononi. Akamwita mkewe kwa sauti, "Njoo usikie! Sikukosea! Njoo usikie, sikukosea mimi!" Mkewe alikuwa pale pale, ameshasikia, naye analia.

Hakunitukana, ingawa ningeshukuru kutukanwa. Hajasema kama amekusamehe, na mimi sikuwa na uso wa kumwuliza. Alisema jambo moja tu nilipoaga: "Uliwaambia watu wote kuwa nilizidisha. Nenda kawaambie na hili."

Nilitoka pale nikafika mlango wa kinyozi, mkono ukakataa kugonga. Nikarudi nyumbani. Jana nikajaribu tena, nikaishia kuuliza habari za watoto.

Jumamosi usiende tanuri moja kwa moja. Pita nyumbani kwanza, unishike mkono, tuanze na kwa kinyozi.

Baba yako