Mtu wa Watu

Mwakitolyo, Shinyanga
Agosti 1953

Kaka Mabula, shikamoo.

Nimeketi kukujulia hali huko mgodini Geita. Kifua chako kinaendeleaje? Mwenzenu aliyekuja likizo alituambia mnashinda chini ya ardhi mkimeza vumbi, na kwamba umenunua baiskeli. Baiskeli imenifurahisha, kifua kimenitia wasiwasi. Huku pamba imekwisha kuvunwa na ng'ombe wako wamenenepa kuliko wangu. Nikiulizwa nasema wako wanakula majani ya mshahara. Unaona, nimeshaanza. Hata kwako siwezi kuandika mistari michache bila kukutafutia kicheko.

Ulipoondoka nilikuwa mtu wa kawaida tu. Tangu masika wamenifanya nsumba ntale, mkuu wa vijana wa kulima na kuzika. Sikuomba. Walisema Ngassa hana adui, nami nikaona ni kweli, maana sijawahi kumnyima mtu kitu. Jembe langu halilali nyumbani. Anayepeleka mahari ananiita nikamsemee, aliyegombana na mkwewe ananiita nikawapatanishe. Nikipita njiani watu huanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Ni utamu, kaka, sikufichi. Mtu unalala umeshiba hata kama hujala.

Sasa nikupe habari za nyumbani kwako, na nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Shemeji Scolastika unamjua. Ni mchapakazi, lakini hana maneno ya njiani. Akisalimiwa huitikia na kupita. Kisimani hujaza mtungi wake akaondoka. Wanawake wakasema anaringa kwa kuwa mume yuko kwenye dhahabu, na tangu hapo kila alifanyalo likawa baya. Akivaa khanga mpya anajionyesha, akivaa kaniki iliyochakaa anaficha mali. Mwaka jana kijana mwenzetu Bujiku alikosa misiba miwili, mmoja kwa sababu ya pombe. Alipoitwa aulizwe, akaigiza jinsi alivyoangukia mtaroni, watu wakashika mbavu, yakaisha. Nami nilicheka. Kumbe mtu akishapendwa kosa lake linakuwa kichekesho, na asiyependwa hata ukimya wake unahesabiwa kuwa matusi.

Baada ya mavuno akafariki mzee Maganga. Mimi ndiye niliyetangaza kwamba safari hii hakuna udhuru, kila mtu mzima atoke kwenda kuzika, isipokuwa mwanamke aliyekaribia kujifungua. Nilitangaza kwa sauti kubwa na watu wakanisifu. Siku ya mazishi shemeji hakuonekana. Hakuleta maji wala unga, wala hakukaa na wafiwa.

Akaitwa barazani kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji. Vijana walitaka akiri kosa na kutoa dume la ng'ombe liliwe na watu wote. Shemeji akakataa, akasema hawezi kulipia kosa asilolifanya. Wakaamua atengwe. Desturi yetu unaijua. Asipewe moto wala chumvi, asisalimiwe wala asiitikiwe, yeye na watoto wake, na akifiwa azike mwenyewe. Atakayemsaidia atatengwa naye. Tangazo hilo hutolewa na nsumba ntale. Walinibembeleza, wakasema likitoka kinywani mwangu halitakuwa na chuki. Nikalitamka.

Siku moja ya upepo moto wao ulizimika. Nilimwona shemeji akizunguka na kigae kitupu, na kila alikokaribia watu waliingia ndani. Kwangu hakufika, alipita mbali. Mke wangu Esta alilia siku hiyo, na tangu hapo ananipakulia chakula bila kunisemesha.

Na Generosa wako, kaka. Kila asubuhi anapita kwangu akichunga mbuzi, anapiga goti, anasema mwangaluka, baba mdogo. Siku ya kwanza nilitazama paa. Akadhani sikusikia, akasogea karibu na kupaza sauti. Nikaendelea kutazama paa. Siku hizi anapiga goti, anasalimia, anajiitikia mwenyewe, halafu anawafuata mbuzi wake.

Ninalizunguka neno lenyewe, na karatasi inaelekea kwisha. Usiku wa kuamkia mazishi mwanangu Onesmo alishikwa na degedege. Esta ana mimba kubwa, hawezi mwendo mrefu, nami nilikuwa na kaburi la kusimamia. Nilikimbia kwa shemeji kabla hakujapambazuka, nikamsihi ambebe mtoto mpaka zahanati ya misheni. Aliniuliza itakuwaje kuhusu msiba. Nikamwambia aende tu, wale ni watu wangu, nitawaeleza. Akamfunga mtoto mgongoni akaondoka hata uji hajanywa. Onesmo amepona. Ninavyoandika anacheza hapa mlangoni.

Nilikwenda makaburini nikiwa na nia ya kuwaeleza. Lakini majirani walikuwa wamesikia mtoto akilia usiku, na nilipofika tu wakaanza kuambiana kwamba Ngassa amemwacha mwanawe mgonjwa nyumbani akaja kuzika. Wazee wakanishika mkono mmoja mmoja. Ningewaambiaje kwamba mimi ndiye wa kwanza kuvunja amri niliyoitangaza? Nikasema moyoni nitawaambia kesho.

Barazani shemeji hakujitetea kwa maneno mengi. Alisema kwamba mimi najua alikokuwa. Wote wakanigeukia, na kaka, walikuwa tayari wanatabasamu. Nilifungua mdomo niseme kweli. Nikajisikia nasema kwamba siku ile mimi nilikuwa makaburini, ya walio hai ningeyajulia wapi. Walicheka mpaka mwanangwa akafuta machozi. Shemeji alinitazama, akajitanda khanga yake akatoka. Mpaka leo hajamwambia mtu, na hata akisema, nani atamsikiliza? Esta nimemkataza.

Jioni ile waliniletea kuku.

Kila ninapoamka naapa kwamba leo nitasema. Halafu anatokea mtu wa kuazima jembe, ananiita mtu wetu, nami nakwisha. Usidhani nawaogopa kwa fimbo. Naogopa nyuso zao zikibadilika. Nimejitazama vya kutosha, kaka, na nimejua kwamba peke yangu sitasema kamwe.

Kwa hiyo omba ruhusa uje. Usiniandikie nijirekebishe, maana nitakujibu vizuri na sitafanya. Njoo na barua hii uisome mbele yao. Labda sitakana. Nikikana, nikawachekesha tena, nawe ukajikuta unacheka, usiniamini.

Esta anakusalimu. Onesmo anakusalimu na anauliza kama baiskeli ina kengele. Bujiku na vijana wote wanakusalimu sana, wanasema una bahati ya kuwa na mdogo kama mimi. Salamu za mkeo na za Generosa sinazo. Kwa mbali wanaonekana wazima.

Ni mimi mdogo wako,
Ngassa