Mkaguzi wa Machinjio Yangu Ni Mama Mkwe

Mpendwa Mama Gorreti, naomba msaada maana nimekwama vibaya. Nina machinjio madogo hapa Busiu, na kwetu Wamasaba mwanaume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, sasa wilaya imetuletea mkaguzi mpya wa nyama na mkaguzi mwenyewe ndiye mama wa mke wangu Namono, basi kila akija mimi najificha nyuma ya ngozi zinazokauka, namwachia Tyson, mchinjaji wangu, aongee naye. Juzi tulichinja ng'ombe mnene, manyoya yanang'aa, nikiwa mafichoni nikamwona mama akipapasa pafu polepole, macho ameyafumba, kisha akapasua mahali pamoja tu, ukatoka usaha mzito, akapasua na ini, nalo limejaa vivimbe, akasema, "Tyson, hii iko na tibii, kifua kikuu. Zika yote, hata kwato." Mama Gorreti, sijawahi kuona vidole vinavyoona namna ile, na ini hilo nilikuwa nimemtengea Namono, ana mimba yetu ya kwanza. Leseni inaisha mwezi huu na wilaya inataka mwenye machinjio azunguke na mkaguzi, ajibu maswali mwenyewe. Tyson anasema, "Bosi, tuchinjie nyuma ya nyumba yako tu, nani atajua?" Nikimkabili mama nimevunja heshima, nisipomkabili nimefunga kazi. Nifanye nini?

Geresom, Busiu

Geresom mwanangu, pole, halafu aibu kwako. Mwenye machinjio unajificha kwenye ngozi kama panya! Mila imekukataza kumtazama mkweo, haikukuziba mdomo. Ungekwenda wilayani siku ile ile ya kwanza ukasema, "Huyu ni mama mkwe wangu." Hata bila mila, mama hafai kumpitishia leseni mume wa binti yake, watu wa Busiu watasemaje? Kesho asubuhi nenda kwa daktari wa mifugo wa wilaya, omba mkaguzi mwingine, uzunguke naye, ujibu kila swali, hata la ule mfereji wa damu ambao najua umeziba. Na Tyson mwambie ukome huo ujinga. Amelishika lile ini kwa mikono yake, bado anauliza nani atajua?

Nimeisoma barua yako hapa Jinja, nikairudia. Ng'ombe mnene vile, na yule mama akayagusa maradhi kwa ncha za vidole, bila kujua yalikuwa yakielekea kwa nani. Deni hilo la shukrani usilikalie. Mtume Namono kwa mama yake, amwambie ini lile lilikuwa liliwe na mtoto wake mwenyewe. Wewe baki nyumbani, waache walie wawili.