Sahani ya Anselimu

Jumapili, 2 Machi

Maharage yako motoni. Binti yangu Dorika amekwenda kuchota maji. Nimesoma kurasa kadhaa, sikumbuki hata moja.

Nimemwona Anselimu baada ya misa. Amenenepa. Alinishika mkono mbele ya watu na kuniita yaya, yaani kaka mkubwa, kama zamani tulipokuwa majirani kule Djugu. Siku hizi anauza mbao Mahagi. Yuko Bunia hadi Jumatatu ijayo.

Niandike waziwazi, humu hasomi mtu. Siku tuliyokimbia vita yeye alikuwa na lori. Mke wangu Roza alikuwa mgonjwa, safari ndefu ya miguu haiwezi. Nilimwomba Anselimu ampandishe. Alisema hakuna nafasi. Lori likaondoka na mbao zake. Roza alitembea. Alifika Bunia, akalala, hakuinuka tena. Mazishini Anselimu hakuja.

Kila asubuhi katika sala namtaja Roza, kisha namtaja Anselimu. Ninayomwombea huyo wa pili, padri asiyasikie.

Leo nje ya kanisa alijigamba kwa watu wa kwaya: Kampala hula kwa Wahindi kila safari, na pilipili ya kumshinda yeye haijapandwa. Wakacheka. Nikamwalika palepale kwa chakula cha Jumapili ijayo. Kwa Wahindi. Alifurahi.

Nataka alie mbele za watu. Hilo tu. Mimi kwa Wahindi sijawahi kuingia, isipokuwa dukani, kununua sabuni.

Jumanne, 4 Machi

Nimezunguka mji kwa miguu. Migahawa ya Wahindi niliyoonyeshwa ni miwili. Wa kwanza, bulevarini, umejaa vitambaa vyeupe na watu wa mashirika. Chakula kimepangwa kwenye meza ndefu, kila mtu anajipakulia. Haufai. Anayejipakulia mwenyewe humwezi.

Wa pili uko nyuma ya duka la vitenge. Meza chache, zote zinaonana. Unaagiza, wanakupikia, wanakuletea. Nimeuchagua huo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kujifunza. Dorika alikuwa amenipa pesa za shati jipya. Shati lingoje.

Nimefundisha Kifaransa maisha yangu yote, lakini karatasi yao ya vyakula imenishinda. Nikaagiza kwa kidole: dal, paneer, na kitu chenye mchicha. Zikaja bakuli tatu za mchuzi. Nikangoja. Mado, mama anayehudumu pale, naye akasimama akingoja. Mwishowe nikauliza bugali iko wapi. Kwetu nani anaagiza bugali? Mchuzi ukija, bugali imekuja.

Mado alicheka hadi akashika meza. "Muzee, huku mukate unauomba. Bila kuomba, utakunywa hii yote kama supu."

Akaniletea naan, mkate bapa wa moto, mkubwa kuliko chapati na laini kuliko nilivyotarajia. Dal ni dengu. Paneer ni jibini, nyeupe, haina chumvi nyingi. Roza angeipenda. Nimekula vyote. Nimejikasirikia kwamba nimefurahi. Sikwenda pale kufurahi.

Kabla ya kutoka nimeuliza kipi kikali kuliko vyote. Vindaloo, alisema Mado, ya mbuzi. Mpishi huwaonya watu kwanza. Nimemwambia mgeni wangu asionywe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechambua maharage nikilirudia neno moja. Vindaloo. Dorika ameuliza natabasamia nini. Nimesema mkate.

Jumapili, 9 Machi

Nimemkalisha akitazama meza zote. Mbili zilikuwa na watu wa parokia. Nimeomba mkate mapema, kama mzoefu. Kwangu dal. Kwake vindaloo, kwa pilipili yote mpishi aliyo nayo. Mado alinitazama mara mbili.

Sahani ikaja, nyekundu kama udongo wa barabara ya Marabo. Moyo ulinidunda kwa raha. Anselimu alikuwa amekwisha kunawa. Akaitazama. Kisha akaisukuma taratibu hadi mbele yangu.

"Yaya, ni weye uliniita. Onja mbele."

Nilikuwa nimesahau. Kwetu anayealika anaonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Nimefanya hivyo tangu nilipopata nyumba yangu. Lakini tangu tukimbie sijamlisha mtu, na huyu sikumhesabu kuwa mgeni. Kukataa ni kusema nimemtilia kitu. Meza za parokia ziligeuka, zikanitazama.

Nikala. Si kulamba, desturi inataka tonge la kweli, na nyama ndani. Moto ulipanda puani, ukashuka kifuani. Machozi yakatiririka hadi ndevuni. Nilijaribu kusema, sauti haikutoka.

Nilimngoja acheke. Hakucheka. Uso wake ulibadilika.

"Unamulilia Roza," alisema.

Nilifuta ndevu kwa kiganja.

"Nafasi ilikuwako, yaya. Ningeshusha mbao mbili tu. Nilipenda mbao."

Akairudisha sahani kwake, akala. Yote. Mado alileta maziwa ya mgando, akayakataa kwa mkono. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kila mtu aliona. Mmoja wa kwaya alianza mzaha, akauacha katikati.

Basi nimepata nilichoagiza. Nilidhani kitakuwa kitamu. Alilia kwa pilipili au alimlilia Roza? Sitajua, na hilo linaniudhi kuliko ulimi.

Mlangoni aliuliza kaburi liko wapi. Nikamwonyesha njia kwa kidole. Sikwenda naye.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Anselimu amerudi Mahagi. Dorika alipita makaburini akienda sokoni. Anasema kaburi la Roza limepaliliwa na udongo umesawazishwa. Hajui ni nani. Sikumwambia.

Sijamsamehe.

Mado alinifungia naan iliyobaki. Dorika ameipasha moto, tumegawana na chai. Midomo bado inauma.

Asubuhi katika sala nilimtaja Roza. Nikaishia hapo.