Mahali Mvuke Haukuonekana

Kariuki, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hapa Tetu tuko, tunamshukuru Mungu. Ng'ombe amezaa ndama jike, na baba yako bado anakohoa lakini shambani anaenda. Ni wewe unayenikosesha usingizi.

Unasema kompyuta ya huko chuoni inakuonyesha kwamba kelele ya injini ya ndege haianzii pale hewa inapotokea, ila mbele kidogo, hewa inapoyumba na kuvunjika. Unaniuliza kama umekosea. Hesabu siijui. Lakini miaka ya kwanza ya uhuru nilikuwa nafagia kwenye kiwanda cha majani chai, na siku moja bomba la mvuke la boila likatoboka. Wingu jeupe lilinguruma katikati ya chumba, sote tukalikimbia. Babu yako, huyo uliyepewa jina lake, akasimama karibu na bomba, mahali palipotulia.

"Njoo huku, hapa hakuna kitu!" akaniita.

Nikanyoosha ufagio nimguse. Ukarushwa kutoka mkononi mwangu, na hatukuona kilichourusha. Tundu lilikuwa hapo, kati yetu: mvuke wa moto mkali hauonekani unapotoka, wingu na ngurumo huanzia mbele. Ningemfuata, baba yako hangezaliwa.

Kwa hivyo kompyuta yako siiogopi. Ninaogopa kitu kingine. Zamani ulikuwa unanipigia simu ukilalamika: baridi, chakula, walimu. Siku hizi unasema, "Niko sawa, cucu," halafu unanyamaza.

Nipigie, Kariuki. Hata kama ni kulia tu, nipigie.

Cucu wako